Monsieur Thaddée na Mshipa wa Saba

Tarehe 30 Juni 1991, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Monsieur Thaddée Kashindi anarudisha ufunguo wa darasa la anatomia katika shule yetu ya wauguzi hapa Uvira. Tarehe ameichagua mwenyewe. Anasema nchi ilipata uhuru wake siku hiyo, naye sasa anaomba wake.

Alizaliwa Katogota, kwa wakulima wa mpunga, akaingia hospitalini mwaka 1957 kama muuguzi msaidizi. Uhuru ulipofika, madaktari wa Kizungu walivuka kwenda Usumbura, Bujumbura ya leo, na masanduku yao, wakasahau fuvu moja la plasta juu ya kabati. Thaddée akaambiwa afundishe wenzake kwa muda, mpaka apatikane mwalimu. Mwalimu huyo bado tunamngoja.

Tuliopita mikononi mwake hatuwezi kulisahau fuvu lile. Wavuvi wa Kalundu walimpa nyuzi za nyavu, akazitia rangi, akazipitisha kwenye matundu ya fuvu kuonyesha jinsi mishipa kumi na miwili ya fahamu inavyotoka ubongoni: wa kwanza wa kunusa, wa pili wa kuona, na kuendelea hadi wa kumi na mbili, unaosogeza ulimi. Hata miaka ile tulipoamriwa na serikali kuacha majina ya ubatizo na kuitana “citoyen”, yaani raia, kwake tuliingia tukisema Monsieur Thaddée, kwa sauti ya chini tu.

Promotion yetu, sisi tulioanza mwaka mmoja, ndiyo iliyomchekesha kuliko zote. Alitutuma wodini kupima mshipa wa kwanza: mgonjwa afumbe macho, anusishwe kahawa, kisha sabuni. Tulirudi na nyuso nzito kumwarifu kwamba wodi nzima imepoteza uwezo wa kunusa. Kila mgonjwa, umpe kahawa umpe sabuni, alijibu “ndagala”. Monsieur alikwenda dirishani, akatuonyesha akina mama walioanika ndagala zao, wale dagaa wa ziwani, ufukweni, chini kabisa ya madirisha yetu. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile kanuni ya shule ni kwamba anayepima pua afunge kwanza dirisha la upande wa ziwa.

Kuna habari moja ambayo yeye haisimulii. Nimeisikia kwa Mama Pudentienne, mpishi wetu, tukichambua naye mboga za lengalenga.

Mwaka 1964 waasi waliuteka mji. Pudentienne, msichana bado, alilazimishwa kumpikia kamanda mmoja. Asubuhi moja kamanda alikula mukeke, samaki akawa hana ladha. Alipokunywa, kinywaji kikamchuruzika kidevuni. Alipojitazama kwenye kioo, uso ulikuwa umepinda. Ikaamuliwa papo hapo kwamba mpishi amemloga, au amemtilia sumu. Msichana akafungwa kamba barazani, na wote walijua kinachofuata.

Mtu mmoja aliwaomba waite kwanza muuguzi aliyebaki hospitalini. Thaddée alikuja, lakini hakuruhusiwa kumkaribia mgonjwa. Wapiganaji walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa ya kuwakinga na risasi, na ilikuwa mwiko kuguswa na asiyenyunyiziwa. Basi alisimama uani, mikono mgongoni, akapima kwa maneno matupu. Alimwomba kamanda ainue nyusi: upande wa kushoto wa paji haukukunjamana hata kidogo. Afumbe macho: la kushoto lilibaki wazi. Aonyeshe meno: mdomo ukavutwa kulia. Ainue mikono: yote miwili ilipanda sawasawa. Kama ubongo ungekuwa umepatwa na kiharusi, paji la uso lingekunjamana. Hapa ulikuwa mshipa wa saba wenyewe, ule unaosogeza uso na kubeba ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi.

Mama Pudentienne anayakumbuka maneno yake mpaka leo: “Uyu mutoto hakukuroga, na samaki haina sumu. Ni musipa moja ya sura ndiyo iko mugonjwa. Minye nitabakiya apa naye mpaka utacheka tena. Usipocheka, mutuuwe sisi wote wawili.”

Alibaki kweli. Alimwelekeza kamanda jinsi ya kulifunika jicho lile lisikauke, na kila asubuhi alisimama uani na kumwamuru aonyeshe meno. Wiki zilipita, uso ukiwa vilevile. Darasani alitufundisha bila kuficha kwamba si kila uso wa namna hiyo hurudi kamili. Basi alilijua hilo pia siku ile alipojifunga na maisha ya msichana asiyemjua, na kila nikilifikiria moyo unanijaa. Hatimaye, asubuhi moja, kope ya kushoto ilishuka. Baadaye pembe ya mdomo nayo ikapanda. Kamanda alicheka, na Pudentienne akaenda kwao.

Ndiyo maana wauguzi wa Uvira hupima kwanza wakiwa na mikono mgongoni. Wageni hudhani ni heshima, na sisi huwaacha wadhani hivyo. Waliotoka hapa wanafanya hivyo Kamanyola, na mpaka juu Bijombo.

Monsieur Thaddée, asante kwa kutufundisha kumtazama mtu kabla ya kumshika. Rudi Katogota salama, mpunga wako ujae, wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Mukeke wa leo umepikwa na Mama Pudentienne mwenyewe, na amekataa kusaidiwa.

Tuna ombi moja. Utakaposimama kutuaga, tuamuru kwa mara ya mwisho: inueni nyusi, fumbeni macho, onyesheni meno. Tutatii. Na ukituona tunaonyesha meno huku machozi yakitutoka, usituandikie ugonjwa. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mshipa unaochekesha uso ndio huohuo unaolileta chozi.

Honorine, mwanafunzi wako wa 1968, sasa mwalimu mwenzako