Mwalimu Zéphyrin Wilondja na Majengo Mawili ya Alief

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, kabla hatujamshusha mwalimu tunaomba masikio yenu kidogo. Wiki tatu kabla ya kufa, Zéphyrin Wilondja Asende alimwita mdogo wake Placide kitandani akamwambia, "Siku ile ukisimama kusoma, usinipake mafuta. Ile mambo ya ripoti uisome yote, hata pale nilipokosa mimi." Tumetii. Wasifu huu una sehemu isiyo tamu, na atakayeona aibu kuisikia ajue kwamba marehemu aliiona aibu hiyo kabla yake.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 huko Mboko, Fizi, Kivu Kusini, mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Asende Mmunga, seremala, na mama Nyassa Eca. Shule ya msingi alisoma palepale Mboko, akaendelea na masomo ya ualimu Nundu, akapata diploma ya serikali mwaka 1991. Waliosoma naye wanamkumbuka kwa kisa kimoja. Kwenye mtihani wa hesabu wenzake wawili walinakili majibu yake, naye akaenda kuwasema. Wale wawili walimpiga kwa kuwasema, na mwalimu akampiga kwa kuacha karatasi wazi. Alikuwa akikisimulia kisa hicho huku akicheka, na mwisho anaongeza: "Lakini hesabu zilikuwa sahihi."

Alifundisha Mboko miaka mitano. Vita ilipofika mwaka 1996 alivuka kwenda Kigoma akiwa na begi moja na rejista ya darasa lake, akapelekwa kambi ya Nyarugusu. Hapo alifundisha miaka kumi na mitatu, darasa la watoto themanini, ubao ukiwa ukuta wa udongo uliopakwa mkaa. Tarehe 19 Juni 1999, kanisani kambini, alifunga ndoa na Véronique Mlondani, aliyekuwa msaidizi katika wodi ya wazazi. Mungu akawapa watoto watatu: Précieux, Clarisse na Zoé.

Machi 2010 familia ililetwa Texas kama wakimbizi. Kwenye kiwanja cha ndege cha Dallas walipokewa na mfanyakazi wa ofisi ya wakimbizi aliyebeba makoti matano na ufunguo wa nyumba ya Carrollton. Ndani walikuta mchele, mayai na vitanda. Wiki ya pili walionana na daktari. Mwaka ulipotimia waliomba ukazi wa kudumu wakaupata, na ilipotimia mitano wakaomba uraia. Tunayataja haya kwa sababu marehemu alisema tuyataje, kwa mpangilio huo huo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kiwanda cha kuku, mwendo wa saa nzima kwa gari la kuchangia. Alisimama kwenye mkanda unaopitisha nyama akikata mapaja ya kuku, kisu mkononi, maji ya baridi yenye mafuta na damu yakimwingia mikononi hadi kwenye viwiko. Kushoto kwake alisimama Delmer, kijana wa Olanchito nchini Honduras. Kulia kwake alisimama Lah Bwe, mtu wa kabila la Karen wa Burma, aliyezaliwa kambini mpakani mwa Thailand. Mwanzoni walizungumza kwa nyusi. Baadaye Delmer alimfundisha Kihispania, na wote watatu wakajifunza Kiingereza kwa kumsikiliza msimamizi akitukana. Tangu kiwanda kile marehemu hakula tena kuku. Harusini alikuwa akimsogezea mkewe sahani na kusema, "Mama Précieux, huyu mchukue wewe. Mimi tumeshaonana kazini."

Mwaka 2012, katika miezi miwili, visu viliwakata jirani zake wote wawili. Lah Bwe alipelekwa hospitali kwa gari la kiwanda, akashonwa, akalipwa siku alizokaa nyumbani. Delmer hakuwa na karatasi. Alivuka mto wa mpakani kwa miguu, na mahakama ya uhamiaji ilikuwa haijamsikiliza. Alifunga mkono kwa kitambaa cha kufutia meza na kumaliza zamu, kwani aliogopa kuandikishwa jina popote. Siku ya nne vidole viwili vilikuwa vyeusi. Alipokatwa vidole, kiwanda kilimwambia hakina nafasi ya mtu asiyeshika kisu vizuri. Mkanda ulikuwa mmoja, na kisu kilikuwa aina ileile.

Mwaka 2015 familia ilihamia Houston, mtaa wa Alief, marehemu alipopata kazi katika ofisi ndogo ya kusaidia wahamiaji. Kazi hiyo aliipenda kwa moyo wote. Mradi wa kwanza aliopewa ulikuwa majengo mawili yanayotazamana, maegesho ya magari katikati. Jengo la mashariki lilikuwa na familia za Kiburma, na la magharibi familia za Kihonduras. Humo alimkuta Delmer tena, sasa mkewe na binti yake wa miaka kumi wamemfuata kutoka Honduras, anapaka rangi nyumba za watu kwa vidole vinane.

Mwaka 2018 ofisi ilipata wafadhili waliotaka kujua kwa nini Waburma wanaendelea na Wahonduras wamebaki palepale. Bosi wake, Rogers, Mkenya, alimkabidhi utafiti huo. Marehemu aligonga milango mia mbili na kumi na miwili, Houston hadi upande wa Dallas na Fort Worth. Aliuliza habari za mshahara, shule, nyumba, hospitali na polisi. Aliandika kwa mkono, nyumba moja baada ya nyingine. Ni kweli aliwakuta Waburma wengi wamenunua nyumba, na watoto wa Wahonduras wengi wameacha shule wakiwa na miaka kumi na sita. Lakini aliuliza pia kila mtu aliingiaje nchi hii na alipewa nini mlangoni, na majibu ya swali hilo yakajaza kurasa kumi na nne. Alizipeleka kwa Rogers. Mazungumzo yao aliyasimulia nyumbani mara nyingi, neno kwa neno.

"Mzee," Rogers alisema, "hii section ya makaratasi, toa."

"Nikiitoa, kinachobaki ni nini?"

"Kinabaki kitu watu wanaweza kusoma. Wafadhili hawataki siasa, wanataka stori safi. Hawa wamejaribu, hawa hawajajaribu. Wewe ni mwalimu, si unajua kusahihisha?"

Marehemu alizitoa. Hapa ndipo alipotaka tusiruke. Mwaka huo Précieux alikuwa ameanza chuo, na Rogers alikuwa amemwahidi ukuu wa kitengo. Alizitoa kurasa kumi na nne kwa mkono wake mwenyewe, akatia sahihi, na Machi 2019 ripoti ikachapishwa kwa karatasi nzito yenye kung'aa, jina lake likiwa ukurasa wa kwanza. Ndani iliandikwa kwamba jamii moja ilileta nidhamu kutoka kwao na nyingine haithamini elimu. Mei, kwa kuitegemea ripoti hiyo, wafadhili walifunga darasa la Kiingereza la jengo la magharibi. La mashariki waliliongezea kompyuta.

Delmer alimkuta kwenye maegesho, ripoti ikiwa kwenye simu. Binti yake alikuwa amemtafsiria.

"Profe," yaani mwalimu, alimwambia kwa Kihispania, "hapa wanasema sisi hatupendi shule. Jina hili ni lako au la mtu mwingine?"

"Ni langu."

Delmer hakumtukana. Alizima simu, akaiweka mfukoni kwa ule mkono wenye vidole vitatu, akaenda zake. Marehemu alisema afadhali angepigwa.

Jumamosi iliyofuata aliendesha gari kwa muda wa saa nne hadi upande wa Dallas, nyumbani kwa Lah Bwe. Tusifiche, alikwenda kutafuta faraja. Alitumaini kwamba walau huyu aliyesifiwa angefurahi. Lah Bwe aliisoma mezani polepole. Nyumba ilikuwa yake kweli, ila watu wazima watano walikuwa wakifanya kazi mchana na usiku kuilipia, na kitanda kimoja kililaliwa kwa zamu. Baba yake alikuwa amejinywea pombe hadi kufa katika chumba cha nyuma, mzee asiyejua kusoma lugha yoyote, na hakuna aliyekuja kuuliza habari zake. Hayo yote marehemu alikuwa ameyaandika katika kurasa alizotoa.

"Baba yangu yuko ukurasa gani?" Lah Bwe aliuliza.

Marehemu alitazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Wanatusifu kama ng'ombe asiyepiga teke," Lah Bwe alisema, akaisukuma ripoti upande wa pili wa meza kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesukuma kitu kilichooza. "Na wanatusifu ili wampige yule mwingine. Ondoa hiki nyumbani kwangu."

Marehemu alisimamisha gari njiani akatapika. Tangu siku hiyo hakuivumilia ripoti ile hata kuigusa. Nakala kumi alizopewa alizibeba kwa mfuko wa plastiki, mkono umenyooka, akazitupa kwenye pipa la takataka nyuma ya kanisa. Alijichukia pia. Alimwambia mkewe, "Mimi pia ni Mburma, Mama Précieux. Nilishuka kwenye ndege, nikapewa koti. Halafu nikamcheka aliyeachwa na baridi yake."

Juni 2019 wafadhili waliandaa chakula cha heshima katika ukumbi wa hoteli, na yeye akaalikwa kupokea cheti. Mama Véronique anakumbuka jioni ile walivyozungumza.

"Ukisimama kusema, kazi itakwenda."

"Najua."

"Na chuo cha mtoto?"

"Nitabeba maboksi."

"Basi vaa ile shati ya bluu. Nyeupe ina doa."

Chakula kilikuwa kuku katika mchuzi mweupe. Alipoitwa jukwaani hakupokea cheti. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, kama anavyosoma imla: "Jina langu liko ukurasa wa kwanza. Naomba liondolewe, kwa sababu nimedanganya. Nilitoa kurasa kumi na nne. Mlichopima si watu. Mmepima karatasi, mkaiita tabia. Mkinipa mimi mkono uliokatwa na kuninyima daktari, nami nitakuwa mvivu." Alitaka kuwasomea zile kurasa, na alikuwa nazo mfukoni. Kipaza sauti kilizimwa alipofika ya pili. Akaendelea bila kipaza sauti hadi mwisho wa ukurasa ule, watu wakikata nyama zao. Mwanamke mmoja alipiga makofi, akidhani ndiyo desturi. Waliobaki walisubiri keki.

Tungependa kuwaambia kwamba kitu kilibadilika. Jumatatu kadi yake haikufungua mlango wa ofisi. Jina halikuondolewa, ripoti haikuondolewa. Mpaka leo ukiitafuta kwenye mtandao utaikuta, pamoja na sahihi yake, na mwaka jana mtu asiyemjua alimpigia simu kumpongeza kwa kazi nzuri. Alikata simu akaenda kunawa mikono. Familia inaona kinyaa hichohicho, na tunaomba asiwepo hapa leo wa kumsifu kwa ripoti ile.

Alibeba maboksi kweli, ghalani, miaka mitano, baadaye akapewa kuendesha mashine ya kunyanyua mizigo. Septemba 2019 alimwomba mchungaji ukumbi wa kanisa, akafungua darasa la Kiingereza kila Jumamosi asubuhi, bure. Wiki ya kwanza alikuja mtu mmoja. Wiki ya saba Delmer aliingia, akakaa nyuma, hakusalimia. Ilipita miezi mitatu hivi kabla hajamwita tena Profe. Mwaka wa pili walikuja pia wazee wa Kiburma wa jengo la mashariki, waliokuwa wanashindwa mtihani wa uraia. Marehemu aliwakalisha wote benchi moja, kwa kuwa hakukuwa na mabenchi mengine. Binti ya Delmer alimaliza sekondari Mei 2023, na mwalimu alipiga kelele uwanjani kwenye mahafali hadi Zoé akamvuta koti akisema, "Papa, please." Darasa liliendelea hadi Januari mwaka huu.

Februari 2025 alianza kukonda na macho yakawa ya njano. Madaktari waliona saratani ya ini, imeshaenea. Alitibiwa vizuri na kwa heshima, nasi tunawashukuru. Lakini hata huko hakuacha kulinganisha. Kila aliposukumwa kwenye kiti kupita chumba cha dharura, alikuwa akiwahesabu kwa sauti watu waliosubiri huku wamefunika nyuso wasijulikane. Muuguzi alidhani anaota. Mkewe alimwambia, "Pumzika, Baba Précieux." Akajibu, "Nisahihishe hii kwanza."

Aliaga dunia Jumatano tarehe 5 Novemba 2025, saa nane mchana, nyumbani kwake Alief, akiwa na miaka hamsini na minne, mkewe amemshika mkono na Clarisse akimsomea Zaburi.

Ameacha mjane, Véronique Mlondani, watoto Précieux, Clarisse na Zoé, mjukuu mmoja, ndugu zake Placide na mama Asende aliyeko mji wa Baraka, na wanafunzi ambao hatukuweza kuwaandika wote. Lah Bwe ameendesha gari tangu alfajiri kutoka Dallas, yupo hapa mbele, na ni mmoja wa watakaobeba jeneza.

Delmer hayupo. Alikuja nyumbani Jumanne mchana na mkewe na sufuria ya chakula, akakaa na mama Véronique hadi machozi yakamwisha mama. Alipoulizwa kama atabeba jeneza upande wa kushoto, alitazama chini. Alisema njia ya kuja makaburini siku hizi ina vizuizi vya maafisa wa uhamiaji, na binti yake amemkataza kutoka. Kwa hiyo katika nafasi yake ya kushoto hatukumweka mtu mwingine. Placide atabeba nafasi ya watu wawili.

Mwalimu, kazi yako tumeisoma yote, hata ulipokosa. Sasa lala, na Mungu aliyekuumba akupe amani isiyoomba karatasi mlangoni.