Mzee Chande Boga: Muziki wa Kila Nyumba

Tarehe 30 Novemba 1999, Mzee Chande Boga atakabidhi funguo za stoo ya sauti ya Hoteli ya Mchangani, hapa Diani, baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane na miezi minane. Amefanya kazi chini ya mameneja tisa, na wote tisa aliwafundisha kuwasha amplifaya bila kuipiga ngumi.

Aliajiriwa Machi 1971, kijana wa Msambweni, kwenye dobi. Pasi ya umeme ikafa, akaifungua, akaifufua. Feni ikafuata, kisha gramafoni ya baa. Mwaka 1974 hoteli ikanyoosha mikono, ikampa bisibisi na cheo cha fundi sauti.

Mimi niandikaye haya ni Gerishom, karani wa ofisi. Nilitoka Vihiga mwaka 1997 na Kiswahili cha kuungaunga, na Mzee Chande ndiye aliyekinyoosha. Ukimpitia asubuhi bila shikamoo, alikuwa anakuita urudi, uingie upya. Nimerudishwa mlangoni mara nyingi kuliko barua isiyo na stempu.

Januari mwaka huu hoteli ilinunua kompyuta, nami nikaingiwa na kiherehere. Kwa miezi mitatu nilinakili ndani yake kanda zote mia moja na sitini alizokuwa amezikusanya Mzee Chande, nyimbo zipatazo elfu moja na mia tisa. Nilipomaliza nikaliona kabati la kanda linakula nafasi bure, nikawagawia wafanyakazi. Kila mtu akaondoka na zake akishukuru.

Kumbe kompyuta ilikuwa na nyimbo, lakini haikuwa na pa kuzitolea ila vijispika viwili vya mezani. Amplifaya ya baa, ya mwaka 1974, ilitaka plagi ya duara yenye pini tano. Ya ukumbi wa chakula ilitaka plagi mbili, nyekundu na nyeupe. Nyumba kumi na mbili za wageni zilikuwa na redio kaseti za makampuni saba, na nyingine hazikuwa na hata tundu la kuchomeka waya. Mzee Chande alifungua kabati tupu, akaniuliza, “Mwanangu, kanda zi wapi?” Nilipomweleza, akakaa juu ya ndoo. Kisha akasema, “Haya. Lililopita limepita. Tulitazame lililo mbele.”

Lililo mbele lilikuwa Bi. Warda, wakala wa watalii kutoka Mombasa, aliyetarajiwa kuja kukagua Jumamosi ya wiki hiyo. Tangazo letu lilimwahidi muziki katika kila nyumba. Misimu miwili vyumba vilikuwa vitupu, na meneja wetu, Bw. Kaingu, hakumung'unya maneno: Bi. Warda akikubali, tuna wageni hadi Krismasi. Akikataa, wafanyakazi arobaini na mmoja tunafunga virago.

Tulijaribu kuzirudisha kanda. Zilirudi ishirini na tatu, nyingi zikiwa zimeshanasiwa mahubiri juu yake, na nyingine zilikuwa zimefika Taru kwa shemeji wa mpishi. Mzee Chande akalehemu plagi siku nzima. Baa ikanguruma, ukumbi ukaimba upande mmoja, na nyumba za wageni zikabaki kimya.

Alhamisi akakumbuka kisa kilichotuchekesha mwaka jana. Mgeni mmoja alilalamika kwamba akiwasha redio chumbani anamsikia mshereheshaji wetu akitangaza namba za bahati nasibu. Maikrofoni yake isiyo na waya ilikuwa ikirusha sauti kwenye mawimbi ya redio. Mzee Chande akaiomba, akaifungua, akaung'oa mdomo wake na mahali pake akaunganisha waya wa kompyuta. Akaitundika kwenye mnara wa tangi la maji, katikati ya hoteli. Redio za makampuni saba, zisizoelewana kwa plagi hata moja, zote zikausikia wimbo mmoja. Baa na ukumbi akavifungia redio ndogo za mfukoni. Kisha akaizunguka hoteli na redio sikioni hadi akahakikisha kwamba nje ya ua hatumsumbui mtu.

Jumamosi nilimtembeza Bi. Warda nyumba hadi nyumba, na kila mlango tuliofungua ulikuwa na muziki. Tulipofika nyumba ya nane, saa sita na nusu, muziki ukakatika. Nikachungulia nje. Kimya baa, kimya ukumbini, kimya kila mahali. Nikajua tumekwisha. Ndipo nikaisikia adhana kutoka msikiti ulio nyuma ya hoteli.

Tangu 1974 Mzee Chande huzima muziki wakati wa adhana. Zamani alikuwa akikimbia kutoka jengo hadi jengo, na la mwisho alilifikia adhana imekwisha. Siku hiyo aliuzima muziki wote kwa kidole kimoja. Muziki uliporudi, Bi. Warda akauliza ni nani aliyefanya hivyo, akaenda mwenyewe ofisini, alikokuwa Mzee Chande kwenye kompyuta. “Shikamoo, mzee wangu,” alisema, na akatia saini mkataba palepale juu ya meza ya kompyuta. Wapishi walipiga vigelegele hadi wali ukaungua. Mimi niliketi chini nikalia, na sioni haya kuyasema.

Limebaki jambo moja. Bw. Kaingu alipouliza kanda zilikokwenda, Mzee Chande alimjibu kwamba yeye na mimi tulikubaliana kuzitoa. Kwa kuwa stoo ni yake, akaandikiwa barua ya onyo, ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyemwuliza. Siku ya kuzigawa alikuwa Msambweni akimzika dada yake. Nilizigawa mimi peke yangu, kisha nikanyamaza miezi saba.

Jana nilimweleza Bw. Kaingu yote. Barua hiyo imechanwa, na nyingine imeandikwa kwa jina langu. Usiku wa kuamkia leo nimelala usingizi ambao sijaupata tangu Aprili.

Mzee Chande, ahsante kwa kila kitu. Nenda ukapumzike kwa mkeo, Bi. Mwanaima, na wajukuu, Mwenyezi Mungu akujaalie afya na siku nyingi za furaha. Unaondoka na faili safi.