Barua ya Wachungaji wa Khongor

Khandsuren, na wewe Damdin mdogo wake, wekeni chini hiyo chai ya chumvi mkae karibu yangu, maana nina maneno ya kuwaachia wanangu kabla pumzi haijanikatikia.

Watu watawaambia kwamba baba yenu alikuwa mtu wa itikadi, aliyekipangia Chama vitabu vya shule. Ni kweli, wala msione haya. Nilipokuwa idara ya elimu kule mji mkuu, Ulaanbaatar, mwenzangu Radnaa alitaka shule za bweni za watoto wa wachungaji zifungwe mpango wa miaka mitano ukiisha. Akaniambia mbele ya kamati, "Ndugu yangu, watu wa mbugani wanajua kukama farasi tu. Vitabu watavitumia kuwashia moto." Nikamwuliza, "Kwani wewe mama yako alikuzalia ghorofani?" Kamati ilicheka, lakini kura akashinda yeye, na mimi nikapelekwa bonde la Khongor kutunza stoo ya vitabu.

Wachungaji walipoleta mifugo kisimani, niliandika herufi mchangani kwa fimbo, nao wakazifuatisha kwa vidole. Marehemu mama yenu alikuwa wa kwanza kuandika jina lake, nami nikamposa. Mwaka wa tatu tukapeleka barua ya kuzitetea shule, yenye majina mia mbili na kumi na mawili, kila mmoja kwa mkono wake, bila alama ya dole gumba hata moja. Radnaa ndiye aliyepewa aisome mbele ya kamati. Alipofika jina la arobaini akaiweka barua mezani, akaomba kura ipigwe upya, na mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wake. Shule zikabaki. Tulishinda, wanangu. Hata daktari anayenitibu kasomea huko. Radnaa akija mazishini, mketisheni mahali pa heshima.

Jambo moja linaniuma. Nilipokuwa bado idarani nilimfukuza kazi mwalimu Oidov kwa kuwafundisha watoto hadithi za miungu ya milima. Nilikosea, naye akafa kabla sijamwambia. Daftari lake la hadithi nililomnyang'anya limo sandukuni mwangu. Mpelekeeni binti yake, mkabidhini kwa mikono miwili, mwambieni naomba radhi.

Hema ni lako, Khandsuren. Damdin, chukua farasi. Vitabu vyangu... vyote, vipelekeni shule ya Khongor.

Msinilie. Nishikeni... hapo, mkononi. Mifugo yenu izae, watoto wenu wasome, njia zenu ziwe nyeupe kama maziwa... Nimeridhika, wanangu. Nimeridhika sana.