Chumba cha Saba

Benchi lile liko nyuma ya chumba cha kufulia nguo, kwenye magorofa ya Laurel yanayopakana na reli, na anayekwambia kuna kijiwe kikali zaidi kati ya Baltimore na Washington ni mwongo asiyejua kazi yake. Jumamosi asubuhi, mashine zikizunguka, wanaume watatu huketi hapo na chupa moja ya kahawa ya tangawizi. Fidelis, mtu wa Marangu, wanamwita Balozi, kwa kuwa aliwahi kuegesha magari ya ubalozi fulani miezi minne na mpaka leo husema "sisi wanadiplomasia." Simiyu wa Bungoma ni Bypass: dereva, anajua njia zote za mkato na zote humchelewesha. Christophe wa Bukavu ni Papa Kravati: hata soksi huzifua amevaa tai. Mwenye chupa ni Balozi, kwa hiyo mwenye hadithi ni Balozi. Na hadithi ni ile ile miaka miwili sasa: alivyomfuata mbuzi wa mjomba wake ndani ya pango la Wachaga, chumba cha kwanza, cha pili, mpaka cha saba. Akifika cha saba, kahawa huisha, na hadithi nayo.

Asubuhi hii hata kumimina kahawa alisahau. Alikuja na dharau mpya, na chini ya dharau kulikuwa na kidonda: Tania, binti yake, alikuwa hasemi naye wiki nzima.

— Wiki! Kisa vikaratasi!

— Vikaratasi gani, buda? — Bypass akauliza.

— Ile gemu yao ya mezani. Vijana watano sebuleni kwangu, wana akili zao timamu, wanajifanya mashujaa. Tania ndiye msimulizi. Kachora ramani ya vyumba, halafu kila chumba kakifunika kikaratasi cheusi. Wakifika mlangoni, anafunua kimoja. Wanabishana nusu saa, anafunua kingine. Ramani imelala pale pale mezani, hawaruhusiwi kuiona!

— Watoto ya Amerika! — Papa Kravati akacheka. — GPS iko mfukoni, wanapotea juu ya meza.

— Sasa mimi nimelelewa, bwana. Kwetu mgeni haketishwi mbele ya chombo kilichofunikwa, mwenyeji hufunua. Nimeleta sambusa, nikaona ile aibu, nikafunua vyote! Kama kufunua kawa juu ya pilau. Karibuni, jisikieni nyumbani!

— Ulifanya vizuri, — alisema Bypass. — Mficha uchi hazai.

— Ngoja utamu. Chumba cha mwisho, wanachokitafuta tangu mwezi wa tatu, chini ya karatasi hamna kitu. Peupe! Nilicheka mpaka sambusa zikamwagika. Nikawaambia wenzake, "Mwenyeji wenu kawafunikia sahani tupu." Tania akakusanya vitu vyake. Tangu hapo salamu natoa mimi, jibu linatoka mlangoni: paa!

Wakatikisa vichwa kwa dharau kubwa.

— Lakini kwa nini ufunike chumba kitupu? — Papa Kravati akauliza.

— Hiyo rahisi, — Bypass akadakia. — Ni mambo ya ardhi. Ukiona mtu anaficha ramani, jua ploti haiko. Huyo msichana atakuwa afisa wa ardhi, na mkubwa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wapi! — alisema Papa Kravati. — Ni mambo ya mine, ya migodi. Kwetu ukichimba shimo, dhahabu hakuna, unaweka askari mlangoni. Watu wakiona askari, wanasema dhahabu iko. Vraiment, shimo tupu ndilo linalindwa kushinda yote. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Hamjui diplomasia nyie, — alisema Balozi. — Hizi gemu ni mtihani. Hapa mjini kuna majengo ya ghorofa tisa, vyumba vitupu vyote, na kila mlango una mlinzi. Wanatafuta vijana wa kutunza siri ambayo haipo.

— Basi wako amefeli, — alisema Bypass, — na wewe ndiye uliyemfelisha.

Balozi akacheka peke yake, kicheko kifupi.

Mlango wa chumba cha kufulia ukafunguka. Akatoka Euphrasia, aliyehamia ghorofa ya tatu mwezi uliopita, kikapu cha nguo kiunoni.

— Habari za asubuhi, kaka zangu. Baba Tania ni yupi?

— Ndiye mimi, dada. Balozi mstaafu.

— Carmen wangu hucheza kwenu. Nina swali dogo tu.

— Uliza hata kubwa!

— Anasema ile ramani ni pango. Wanamfuata mbuzi. Tania aliwaambia hadithi ni ya baba yake, ya kweli, na kila tundu kalichora kama ulivyosimulia. Cha saba hakukichora. Anangoja umalizie. — Akakiweka kikapu chini. — Sasa, kaka, mle ndani mlikuwa na nini?

Bypass akamtazama Papa Kravati. Papa Kravati akakaza tai. Ukweli ni kwamba kwenye pango lile Balozi aliishia mlangoni. Giza lilimrudisha, na mbuzi alitoka mwenyewe.

Akainyakua chupa, akaitikisa.

Ilikuwa nzito. Imejaa mpaka shingoni.

— Mimina, Balozi, — alisema Bypass, akinyoosha kikombe. — Leo ipo ya kutosha.