Seabata Lehloenya, Aliyepima Matumaini ya Wengine (1951–2016)

Tuliyemleta hapa asubuhi hii ni Dakta Seabata Lehloenya, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Makhaola Lehloenya na marehemu Mama 'Maseabata, wote wa hapa Hlotse. Rejesta ya ubatizo ya parokia inasema alizaliwa tarehe 14 Machi 1951. Mama yake, hadi anaingia kaburini, alishikilia kuwa ilikuwa tarehe 12, siku ya mvua ya mawe iliyoua kondoo wa jirani. Familia imechapa tarehe ya parokia kwenye jalada la kijitabu cha mazishi. Ile ya mama inatajwa hapa ili isipotee.

Mdogo wake, Molefi, alizaliwa mwaka 1954. Shangazi yao alisimulia kwamba kwa miezi mingi Seabata hakukubali kumtaja mtoto huyo kwa jina. Kila asubuhi alisimama mlangoni na kuuliza, "Huyu mgeni anaondoka lini?" Molefi, ambaye yuko nasi leo akiwa na miaka sitini na miwili, anasema swali hilo halikuwahi kufutwa rasmi. Tunalitaja kwa upendo, kwa kuwa wote tuliomfahamu marehemu tunajua kwamba alikuwa mtu wa wivu. Alikuwa pia mkarimu na mkweli, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto; lakini wivu ulitangulia kuingia chumbani.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapa Hlotse, kisha sekondari, na mwaka 1971 akajiunga na chuo kikuu cha hapa nchini, kilichoko mji wetu wa Roma, alikohitimu shahada ya ualimu mwaka 1975. Baada ya kufundisha miaka mitatu alipata ufadhili wa kwenda Glasgow. Alirudi mwaka 1982 na shahada ya uzamivu katika saikolojia, pamoja na koti zito ambalo hakulivua hata katika joto la Januari.

Aliajiriwa Roma kama mhadhiri. Wakati ule wenzake wengi katika fani walichunguza kukata tamaa. Yeye alitaka kujua kwa nini baadhi ya watu hawakati tamaa, na kama kutarajia mema kunaulinda mwili na akili. Akachagua wanawake ambao wanaume wao walikwenda kwenye migodi ya dhahabu na hawakurudi, wanaume tunaowaita makholoa. Aliandaa kauli kumi na mbili kwa Kisotho, na kwa kila kauli mshiriki alipewa maharage matano aweke sahanini kadiri alivyokubaliana nayo. Alipenda kusema kwamba mtu anaweza kudanganya kwa mdomo kirahisi, ila mkono huona haya.

Mwezi Agosti 1983 alifika kijiji cha Ha Lekoatsa, wilaya ya Mohale's Hoek. Mshiriki wa arobaini na moja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Nthatuoa, mwenye umri wa miaka ishirini na mitano. Mchumba wake, Tlali, alikuwa amekwenda migodini Welkom mwaka 1979, na tangu mwaka uliofuata hakuna aliyesikia habari zake. Marehemu alisimulia mazungumzo yao mara nyingi, na mwalimu mwenyewe ameyathibitisha.

"Kauli ya kwanza, dada. 'Ninayoyatarajia yatakuwa mema.'"

Nthatuoa akamimina maharage yote sahanini. "Umeniletea matano tu?"

"Wengine huweka mawili."

"Wengine hawamsubiri Tlali."

Hakuna mtu katika utafiti ule aliyeonyesha matumaini makubwa kuliko hayo, na Dakta alirudi Roma akiwa amempenda mwenye matumaini na kuyachukia matumaini yenyewe. Kitaalamu, kipimo hurudiwa mara moja ili kuhakiki uthabiti wake. Nthatuoa alipimwa mara nne. Mama yake Nthatuoa, aliyekuwa na ulimi mwepesi, alimpokea mlangoni safari ya nne akasema, "Karibu, mwalimu wa Roma. Hivi maharage yako hayaivi? Kila ukija unayaleta mabichi."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Oktoba 1985, na wakweze wakampa bibi harusi jina la 'Malineo, yaani mama wa Lineo, kabla hata mtoto hajazaliwa. Kabla ya kukubali, aliweka sharti moja: "Nitaolewa nawe na nitakupenda. Ila usiniambie Tlali amekufa. Kama hujaona kaburi, usiniambie." Marehemu alikubali. Alilitimiza sharti hilo kwa miaka minane, na kila siku ya miaka hiyo lilimuuma kama kiatu kinachobana.

Kila Desemba familia ilikwenda Ha Lekoatsa kwa Krismasi. Mabasi ya wachimba migodi yalipoanza kuingia, 'Malineo alijifunga blanketi akaenda barabarani kutazama wanaoshuka. Mumewe alibaki nyumbani. Siku moja mama mkwe alimkuta anapasua kuni ambazo hazikuwa zinahitajika. "Mkwe wangu," akasema, "hizo kuni zimekukosea nini?"

"Nafanya mazoezi, mama."

"Fanya. Lakini yule unayetaka kumpasua hayuko hapa."

Mwaka 1988 alichapisha makala iliyomletea jina. Ilionyesha kwamba wanawake waliotarajia mema hawakukaa wakikunja mikono: walitengeneza paa, walilima kwa wakati, waliugua mara chache kuliko wenzao. Katika uchambuzi ule mshiriki wa arobaini na moja hayumo. Maelezo ya chini ya ukurasa yanasema aliondolewa "kwa sababu za kitaalamu". Marehemu mwenyewe, alipostaafu, aliagiza isemwe wazi kwamba sababu ile ilikuwa ni Tlali.

Jumamosi tarehe 18 Desemba 1993, Tlali alirudi. Alishuka basini akikohoa, ameshika fimbo, akiwa na mke na watoto wawili aliowapata huko Qwaqwa, ng'ambo ya mpaka. 'Malineo aliwakaribisha wote nyumbani kwa mama yake. Akachinja kuku, akasonga ugali, akachuma mboga. Dakta Lehloenya alitoka chumbani amevaa tai na lile koti la Glasgow.

"Ndugu, husikii joto?" Tlali aliuliza.

"Nimezoea," marehemu akajibu, jasho likimtiririka mpaka kwenye sahani.

Wageni walipoondoka, alimfuata mkewe jikoni.

"Haya, umempata."

"Nimemwona," alisema 'Malineo, huku anasugua sufuria. "Yuko hai. Basi."

"Basi? Miaka kumi na mitatu unamtumaini, halafu basi?"

"Nilitumaini yuko hai, baba Lineo. Kwani wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani unatumaini atarudi kwako."

"Ungeniuliza. Uliniuliza natumaini kiasi gani, mara nne ukaniuliza. Natumaini nini, hukuuliza."

Wanaofanya kazi yake watalipima jambo hili vizuri kuliko sisi. Kauli zile kumi na mbili zilipima ukubwa wa matumaini bila kugusa kinachotumainiwa, na kwa miaka kumi hakuna msomi, hapa wala ng'ambo, aliyemwambia. Mwaka uliofuata alianza kuwarudia washiriki wake wa zamani kijiji kwa kijiji, akiongeza swali moja tu: unatumaini nini, na kwa ajili ya nani? Aliona kwamba waliotumaini mema kwa ajili ya mtu mwingine walisimama imara hata pale matumaini yao yasipotimia. Kazi hiyo, iliyotoka mwaka 1998, ndiyo inayofundishwa hadi leo, na humo mshiriki wa arobaini na moja amerudishwa mahali pake.

Ingekuwa vizuri kuandika kwamba wivu uliishia hapo. Ulitulia kama wiki mbili. Kisha marehemu akatambua kwamba mkewe alimtakia mtu mwingine uhai, bila kudai chochote, kwa miaka kumi na mitatu, na sasa alimwonea Tlali wivu kwa jambo kubwa zaidi. Je, yeye angeweza kutumainiwa hivyo? Tlali alipofariki kwa mapafu mwaka 2001, Dakta alikwenda kumzika. Wote waliokuwapo wanakumbuka kwamba alisimama katikati, mkewe upande mmoja, kaburi upande wa pili.

Alistaafu mwaka 2011, wakahamia hapa Hlotse. Mwezi Novemba 2015 alianza kupungua mwili. Madaktari wa Bloemfontein walikuta saratani ya kongosho, wakasema ni suala la miezi. Wengi tulitegemea 'Malineo akatae kuamini, kama tulivyomjua. Hakukataa. Alimrudisha nyumbani, akahamishia kitanda karibu na dirisha la mashariki, na siku moja mwezi Machi, akimlisha uji, alimwuliza kwa sauti ya kawaida angependa alazwe karibu na baba yake au karibu na mama yake.

Binti yao Lineo alikuwa chumba cha pili, na haya ni maneno aliyoyasikia.

"Kumbe umeshanizika," baba yake alisema.

"Nimekuuliza tu."

"Tlali ulimtumaini miaka kumi na mitatu. Mumeo hata mwezi mmoja humpi?"

Kijiko kikatua kwenye bakuli.

"Seabata," alisema mama yake, na hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina, "Tlali nilimtumaini kwa sababu hakuwapo. Sikuwa na kingine cha kumfanyia. Wewe upo hapa mbele yangu, nakuosha, nakulisha, nakusikia unavyokoroma. Unataka niache haya niende barabarani kukutazamia?"

Marehemu akacheka kile kicheko chake, kidogo, kwa kadiri nguvu zilivyoruhusu, akasema, "Karibu na mama. Na uji huu umepoa."

Kuanzia siku hiyo, kwa ushahidi wa wote waliomwuguza, hakulitaja tena jina la Tlali. Molefi alipokuja kumwangalia, marehemu alimshika mkono akamwambia mkewe, "Huyu mgeni mpe chai, akae." Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Aprili 2016, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. 'Malineo alikuwa anambadilisha shuka.

Ameacha mke, Mama 'Malineo Lehloenya, watoto wawili, Lineo na Tumisang, wajukuu watatu, na mdogo wake, Molefi. Ameacha pia wanafunzi wa miaka ishirini na tisa na wanawake wa vijiji vingi vya Mohale's Hoek ambao leo wamefika kwa basi lao wenyewe, bila kualikwa.

Apumzike kwa amani hapa karibu na mama yake, na sisi tulio naye leo tumfanyie yaliyobaki.