Mbaraka, Aliyegombana na Moto

Tarehe 30 Juni 1984, Mwananchi Mbaraka Amuri anaacha kazi ya monitere, yaani mwalimu wa kilimo, hapa Kindu, baada ya miaka ishirini na sita. Wakubwa wanasema anakwenda kupumzika. Sisi tuliofanya kazi naye hatukumwona akipumzika, isipokuwa kwenye mikutano, ambako alilala vizuri kuliko wote.

Kazi yake ilikuwa kufundisha kilimo cha mpunga katika vijiji vya njia ya Kalima. Sisi wengine tulifundisha kama tulivyofundishwa: kata pori, choma, panda, kisha hamia pori jingine. Mbaraka aliukataa moto. Alisema majivu yanashibisha udongo mwaka mmoja tu, na pori likiisha, mvua nayo itatukimbia. Afadhali majani yaachwe yaoze shambani, na kunde zipandwe katikati ya mpunga. Tulicheka mpaka machozi.

Mwaka 1980 mkulima mmoja tu alimsikiliza: Mama Mwanahamisi, mjane mwenye watoto watano. Mavuno yake ya kwanza hayakujaza vikapu viwili. Akaja ofisini, akasimama mbele yetu sote, akasema bila kupandisha sauti: "Baba Mbaraka, watoto yangu iko na njaa. Sasa njo haya majani tutakula?"

Siku ile hakuna aliyecheka. Mbaraka alimpelekea nusu ya mpunga wa nyumbani kwake, na mkewe, Mama Jamila, akamnunia mwezi mzima. Kisha kila Jumamosi Mbaraka alipanda baiskeli kwenda kumpalilia yule mjane shamba kwa mikono yake. Mama Mwanahamisi anasimulia kwamba fundi wetu aling'oa kunde nyingi kuliko magugu, hata mama huyo akampokonya jembe.

Mwaka jana mvua ilichelewa wiki sita. Katika mashamba yaliyochomwa, mpunga ulikauka kabla ya kuzaa. Kwa Mama Mwanahamisi, chini ya yale majani, udongo ulikuwa na unyevu bado. Alivuna vikapu kumi na vinne, akawagawia majirani mbegu. Msimu huu familia thelathini na moja zimeacha kuchoma, na sisi tuliocheka tunazunguka vijijini kueleza faida za majani na kunde kana kwamba tulizigundua wenyewe.

Asante, Baba Mbaraka, kwa kutuvumilia, maana tulikuwa wagumu kufundishika kuliko wakulima. Mungu akupe afya na siku nyingi, mvua zako zije kwa wakati, na Mama Jamila azoee kukuona nyumbani mchana.