Bi Layla Fumo na Bodi za Friji la Chula

"Shangazi, kama mashine inaongozwa na kompyuta, mbona inakata vibaya?"

Bushra, mtoto wa kaka yake, alimuuliza hivyo mwaka 2021, akiwa na miaka kumi na mmoja, mbele ya meza ya kazi, kwenye karakana yake hapa Kismayo. Bi Layla alicheka, akamtia mkononi kipimo cha chuma na bodi mbili za umeme, akamwambia apime kwanza, maneno baadaye. Huyo ndiye Bi Layla tuliyemzika juzi. Mpaka sasa mlango wa karakana ukilia, watu wa nyumba hii hugeuka wote pamoja.

Alizaliwa kisiwani Chula tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Fumo Abdulhakim na Bi Khairat. Vita vilipoingia mwaka 1991, familia ilikimbilia Kenya, ikapokewa kambini Mombasa. Huko alisoma mpaka sekondari. Mama yake husimulia kwamba redio ya jirani ilipokufa, Layla aliifungua yote na kuirudisha, ikasema, ila skrubu mbili zikabaki. Alizificha chini ya mkeka. Mwaka 2006 alihitimu ufundi wa elektroniki chuoni, Mombasa.

Tarehe 8 Mei 2009 aliolewa na Bwana Zakir Abdisalam. Bwana Zakir alikuwa akimpelekea simu ileile itengenezwe. Mara ya tatu Bi Layla aliirudisha bila kuifungua, akasema, "Simu hii haina ugonjwa. Mlete mshenga."

Mwaka 2014 walirudi Kismayo, akafungua karakana. Zahanati ya Chula ilipopata friji la sola la kuwekea chanjo, mwaka 2019, yeye ndiye aliyechora bodi ya kulinda betri yake. Ili chumvi ya bahari isiifikie, aliamua bodi ikae ndani ya kipande cha bomba la maji la plastiki, kwani ndicho kilichopatikana. Bomba lilikuwa jembamba, basi akazisogeza njia za shaba mpaka ukingoni kabisa. Kwenye skrini ya kompyuta zilienea vizuri. Lakini kiwanda alichokipelekea mchoro hakikati bodi sawasawa nao. Kisu cha mashine huyumba kidogo, huku au kule, na kiwanda hutaja tangu mwanzo kiasi cha kuyumba kwake. Safari ile kisu kiliingia ndani kama unene wa kucha, shaba ikabaki wazi, unyevu wa chumvi ukaila. Mwaka 2020 friji likazima na chanjo zote zikaharibika.

Mzee Gharibu, mwangalizi wa zahanati, alimpokea ufukweni kwa kumwambia, kwa lafudhi ya Chula ambako mtu ni "mchu", "Hapa kwetu mchu mgonjwa ni mmoja tu, ni huyu friji wako." Watu walicheka, lakini akina mama hawakucheka. Waliapa kwamba watoto wao hawatachomwa tena dawa iliyolala kwenye friji la Layla. Wengine walitaka kukilaani kiwanda. Bi Layla akawazuia, akasema kiwanda kimekata ndani ya kiasi kilichoahidi. Tangu hapo hakuwa na kazi nyingine moyoni. Alitafuta bomba pana zaidi, ili shaba ikae mbali na ukingo, akachora, akafuta, akachora tena, mpaka bodi mpya zikafika mwezi huu.

Kuhusu ugonjwa, familia haina la kuandika. Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, aliamka mzima, akamtania mwanawe Riyadh kuhusu nywele zake, akaenda kazini. Baada ya alasiri alisema kichwa kinamgonga, akaomba chai ya tangawizi. Akaanguka kabla ya kuipokea. Hospitalini walisema mshipa umepasuka kichwani, na kabla ya magharibi alikuwa ameshaondoka. Bi Khairat aliuliza mara nyingi ni Layla yupi, kwa kuwa wa kwake alikuwa kazini.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, Umi na Riyadh, kaka yake Sabir, na Bushra aliyekuwa mwanafunzi wake. Mola amlaze mahali pema na ampanulie kaburi lake.

Bodi mpya ziko mezani kwake, na Mzee Gharibu, aliyekuja kuzika, anaondoka nazo leo. Kwa nyinyi wa Chula mnaouliza kama safari hii ni za kuaminika: adhuhuri ya Jumanne ile Bushra alizipima zote, akakuta hakuna mbili zinazolingana upana. Aliingiwa na hofu, akamwomba shangazi yake azirudishe kiwandani, maana mashine imekosea tena. Bi Layla alizigeuza moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akatazama kingo zake.

"Haikukosea, mwanangu. Hata ile ya kwanza haikukosea. Ilituambia mapema itayumba kiasi gani, mimi sikuiachia nafasi. Kwenye hizi nimeiachia. Zifunge, ziende Chula."